Faili la Nyumba ya Kizingo

Miaka thelathini na mmoja nimeijua nyumba ile
bila kuvuka kizingiti chake.
Niliijua kwa karatasi:
ramani za buluu zilizokunjwa hadi mikunjo ikaingia nyufa,
mihuri ya manispaa, mmoja juu ya mwingine,
kama vikombe visivyooshwa.

Ramani ya kwanza, mwaka thelathini na nne.
Mwombaji: Hakimji Doriwala, mwenye kinu cha mafuta, Shimanzi.
Kuta za matumbawe, unene futi mbili.
Vyumba vyembamba, maana boriti
hukatwa kwa urefu wa mkoko, si kwa tamaa ya tajiri.
Baraza mbele. Hapo, nasikia,
wapagazi walilipwa kila Alhamisi
na mzee akawaita kwa majina ya mama zao.

Kinu kikazaa kiwanda. Sabuni ya mche, chapa kasa,
ile iliyotuchoma macho sote watoto wa Majengo.
Mwaka hamsini na mbili: ghorofa ya pili,
pembe ziviringwe kama meli iliyopanda nchi kavu,
terazo ya kijani, ngazi ya kujipinda,
na baraza lifungwe.
Sababu: vumbi.
Aliyeliandika neno hilo simjui. Hati yake nzuri mno.

Mzee akafa. Wakabaki Abbas na Turab.
Ombi la mwaka sitini na nane ni fupi:
ukuta wa kugawa, tofali za inchi tisa,
toka sakafuni hadi darini.
Mita mbili za umeme. Majiko mawili.
Ngazi ya kujipinda ikaangukia upande wa Abbas;
Turab akajiwekea ya chuma, nje, kama ya bohari.
Mkaguzi wa siku hizo aliuliza pembeni kwa wino mwekundu:
"Je, hewa?"
Likarudi jibu: "Kila mtu atatafuta yake."

Mengine ni madogo. Vioo vya luva.
Mabati pale palipoanguka vigae.
Ukuta wa nje: futi nne, saba, kumi,
kisha waya wa umeme;
huo ulirefuka kila baada ya uchaguzi.
Mwaka elfu mbili na tatu, mteremko wa saruji
wa kiti cha magurudumu, kwa ajili ya Bi Rukaiya.
Kiwanda kilishageuka ghala la mitumba.

Mwezi uliopita likaja la mwisho: kubomoa.
Mjukuu ametia saini akiwa ng'ambo.
Sheria yataka nyumba ikaguliwe kwanza,
nikachukua futi kamba, nikaenda.

Ilikuwa ndogo. Mimi niliizoea kubwa.
Nikapima, nikatia vema, nikapima,
hata jikoni kwa Turab, nyuma ya rafu ya viungo,
nikakuta tundu ndani ya ule ukuta.
Halimo katika ramani yoyote.
Upana wake sahani. Kingo zake nyeusi kwa mafuta,
laini kama mdomo wa mtungi.
Nikaingiza mkono hadi kiwiko;
vidole vikatokea jikoni kwa Abbas.

Mwanakombo, aliyewapikia pande zote mbili,
alikuwa akifunga masufuria kwa kamba.
Hakuinua kichwa.
"Hapo Rukaiya na Zenabu walitoboa kwa mchi,
wiki ya kwanza, chokaa haijakauka.
Waume hawakusemezana miaka kumi na saba.
Chumvi haikukatika hata siku moja."

Fomu inauliza: Je, kuna ujenzi usioidhinishwa?
Nililipima tundu. Inchi kumi kwa saba.
Nikalichora mahali pake, kwa penseli, halafu kwa wino,
nikagonga muhuri wa kuidhinisha
na tarehe ya leo, maana nyingine sina.

Kisha nikafunua ramani mpya.
Ghorofa kumi na mbili, bwawa juu ya paa.
Sikuangalia bwawa.
Nilitafuta majiko:
manne kila ghorofa, mgongo kwa mgongo.
Ukuta kati yao, inchi sita.